Ajali Isiyofika: Kadari na Nyumba Iliyouguliwa

Neno ajali, ambalo msomaji wa leo hulisikia zaidi katika taarifa za askari wa usalama barabarani, liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ambayo haikuhusu gari wala barabara. Katika Kiarabu ajal ni muda uliowekwa, yaani kikomo ambacho jambo haliwezi kukivuka: deni lina ajal yake, na ndiyo maana aya ya 282 ya sura ya 2 ya Kurani, aya ndefu kuliko zote, inayoeleza namna ya kuandikishana mkopo, inalitumia neno hilo kwa siku ya kulipa; uhai nao una ajal yake, ambayo kwa mafundisho ya Kurani haicheleweshwi wala haitangulizwi hata kwa saa moja. Maana hiyo ya kikomo cha uhai bado husikika Bagamoyo na vijiji vya jirani penye msiba, pale msemaji anapowaambia waliokusanyika kwamba ajali ya marehemu imefika, hata kama marehemu alikuwa mzee aliyefia kitandani mwake. Vyombo vya moto vilipozidi, tukio linaloleta kifo likapewa jina la saa ya kifo, na baadaye tukio hilo likabaki na jina lake hata pale lisipomuua mtu yeyote.

Kuhama huku kwa maana kumeiathiri kwa namna ya ajabu methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Kwa maana ya zamani, methali hiyo ni kauli ya itikadi: saa ya kufa haina dawa wala hirizi ya kuizuia. Kwa maana mpya, na hasa inapoandikwa nyuma ya lori, husomwa kama kauli juu ya breki, mwendo na matairi, na hapo si kweli hata kidogo, kwa kuwa mgongano wa magari una kinga nyingi zinazojulikana. Methali haikubadilika hata herufi moja. Neno ndilo lililohama chini yake, likaiacha ikisema jambo ambalo walioitunga hawakulikusudia. Yafaa kuongeza, kwa kupita tu, kwamba Kiarabu kina neno jingine, ajala, linaloanza kwa herufi ayn na lenye maana ya haraka, na tena ya gurudumu. Kiswahili, ambacho matamshi yake hayatofautishi ayn na hamza, kingeweza kuyachanganya maneno hayo kwa urahisi, na pengine askari wa barabarani wangefurahi kama asili ya ajali ingekuwa haraka. Asili yake si hiyo.

Baina ya maana hizi mbili pana ufa, na ndani ya ufa huo ndimo inamoishi familia inayozungumzwa katika makala haya, yaani familia ambayo mmoja wake amegongwa na gari au amepinduka nalo, akanusurika, lakini akarudi nyumbani akiwa si yule aliyeondoka. Kwa maana mpya mtu huyo amepata ajali. Kwa maana ya zamani ajali yake haijafika. Dini za pwani zina maneno mengi ya kuwaambia waliofiwa, maneno yaliyokomaa kwa karne nyingi na yenye ufasaha unaotuliza. Katika nyumba ambamo hakuna aliyekufa, bali mna baba asiyehisi miguu yake au binti asiyekumbuka jina la mwalimu wake, maneno hayohayo hutolewa kwa sababu hakuna mengine, na ndipo yanapopwaya. Swali basi ni hili: imani kwamba kila jambo limekadiriwa na Mungu inaitaka nini nyumba hiyo, na inawataka nini walio nje yake?

Katika zama za magari, Bagamoyo ilikuwa kwa muda mrefu mwisho wa barabara. Aliyetoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 70, akapita Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, alikuwa akienda Bagamoyo na si kwingineko. Hali ilibadilika lami ilipofika Msata, kilomita 64 kutoka makutano ya Makofia, ambako barabara hiyo huungana na ile ya Chalinze na Segera. Mji uliokuwa mwisho wa safari ukawa mji wa kupitia, na magari yaendayo kaskazini yakaanza kupishana na baiskeli, mikokoteni na bodaboda za watu waendao shambani au sokoni. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kote, na kwamba wanaojeruhiwa bila kufa ni kati ya milioni 20 na milioni 50. Upana wa kadirio hilo la pili unasema mengi: kwa waliokufa kadirio ni moja, ilhali kwa waliobaki hesabu yenyewe inayumba kwa watu milioni 30.

Majeruhi wa barabara hii huanzia hospitali ya wilaya, akiwa na fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo na kila mtu kwa jina la PF3, ambayo huthibitisha kwamba jeraha lake limeripotiwa polisi. Akiwa na hali mbaya hupelekwa Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa, maarufu kama MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Huko ndugu hushinda kwenye mabenchi na kulala kwa jamaa wa mjini, na kwa wiki kadhaa matumaini yote huelekezwa kwenye siku moja, siku ya kuruhusiwa. Siku hiyo ikifika hugundulika kwamba kilichomalizika ni kazi ya madaktari tu.

Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyaunganisha: kadha, ambayo kwa ufafanuzi uliozoeleka ni hukumu ya Mungu, na kadari, ambayo ni kipimo ambacho kila jambo limepimiwa. Juu ya uhusiano wa kipimo hicho na matendo ya mwanadamu, karne za mwanzo za Uislamu zilishuhudia mabishano makali. Waliofundisha kwamba mwanadamu ndiye mwenye uwezo juu ya matendo yake waliitwa Kadaria, na waliofundisha kwamba mwanadamu ni kama unyoya unaopeperushwa na upepo waliitwa Jabria. (Mwenyeji wa Bagamoyo asiwachanganye Kadaria hao na Kadiria, tarika ya Kisufi inayojinasibisha na Abdul Kadir al-Jilani, iliyostawi mjini humo chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa na akafariki mwaka 1931 akiwa kiongozi wa dini aliyeheshimiwa kuliko wengi waliozaliwa huru.) Baina ya makundi hayo alisimama Abu al-Hasan al-Ashari, mwanazuoni wa Iraki wa karne ya 10, ambaye itikadi yake ndiyo iliyofuatwa na wengi katika Washafii wa pwani: Mungu ndiye muumba wa kila tendo, lakini mwanadamu hulichuma tendo hilo, na kwa kuchuma huko, kunakoitwa kasb, huwajibika nalo.

Mabishano hayo hayakuliacha neno ajali. Liliulizwa swali hili: mtu aliyeuawa amekufa katika ajali yake, au muuaji ameikata kabla haijafika? Baadhi ya Mutazila, watu wa madhehebu yaliyoipa akili nafasi kubwa katika elimu ya dini, walisema kwamba muuaji ameukata muda ambao vinginevyo ungeendelea. Waashari wakajibu kwamba aliyeuawa amekufa katika saa yake ileile, isiyopungua. Linalosahauliwa na wanaoyarudia majibu hayo leo ni kwamba hakuna upande uliohitimisha kuwa muuaji hadaiwi. Haohao walioshikilia kwamba saa ilikuwa imefika ndio waliofundisha, katika vitabu vya fikihi, kiasi cha kulipwa kwa kila kiungo. Saa ni ya Mungu, lakini mkono ulioifikisha ni wa mtu, na mtu huyo ana jina na ana anwani.

Kutokana na hadithi inayosimulia namna Musa alivyomlaumu Adamu kwa kuwatoa watu peponi, na namna Adamu alivyomshinda kwa hoja ya kadari, wanazuoni walichota kanuni ambayo ingefaa itundikwe katika kila kituo cha mabasi: kadari hutolewa hoja katika masaibu, haitolewi hoja katika makosa. Aliyepatwa anaweza kusema kwamba Mungu ndiye aliyekadiria, na kauli hiyo ikamponya kutokana na majuto yasiyo na mwisho, kama vile kujiuliza ingekuwaje laiti asingepanda gari lile. Aliyesababisha hana haki ya kuisema kauli hiyohiyo kabla hajalipa. Kadari, kwa kanuni hii, hutazama nyuma. Kwa yale yaliyo mbele hakuna aliyeruhusiwa kujificha nyuma yake, kama kinavyoonyesha kisa cha Khalifa Umar, ambaye mwaka 639, akiwa njiani kwenda Sham, yaani eneo la Syria, alipata habari za tauni akaamua kurudi, na alipoulizwa na sahaba Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Mungu alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Mkanda wa kiti ni kadari, na kofia ngumu ya abiria wa bodaboda ni kadari vilevile.

Kinachosikika majumbani ni kinyume cha kanuni hiyo. Maneno kwamba haya ni mipango ya Mungu mara nyingi hutamkwa kwanza na mwenye gari au mjumbe wake, ukumbini kwa majeruhi, akiwa na bahasha mkononi, na wenye nyumba, kwa adabu ya pwani isiyomfukuza mgeni na kwa hofu ya kuonekana wanaipinga hukumu ya Mola wao, huitikia. Hapo itikadi sahihi imetumiwa na mtu asiyestahili kuitumia.

Sheria ya Kiislamu inayohusu kosa lisilokusudiwa imejengwa juu ya aya ya 92 ya sura ya 4, ambayo humtaka aliyeua kwa kukosea atimize mambo mawili. La kwanza ni kafara, yaani kitendo cha kuisafisha nafsi, ambacho ni kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza hilo afunge miezi 2 mfululizo. La pili ni dia, yaani mali inayokabidhiwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Kipimo chake cha asili ni ngamia 100. Majeraha nayo yana vipimo vyake. Barua ambayo Mtume Muhammad (S.A.W.) alimpa Amr bin Hazm aipeleke kwa watu wa Yemen, na ambayo mafakihi huitegemea sana katika mlango huu, inataja pua, ulimi na macho, na kisha inautaja uti wa mgongo na kuuwekea dia kamili. Maana yake ni kwamba anayevunjwa uti wa mgongo akabaki hai analipwa sawa na anavyolipiwa aliyeuawa. Wanaosema kwamba nyumba yenye majeruhi ishukuru tu kwa kuwa hakuna aliyekufa wangefanya vyema kuitafakari hukumu hiyo, iliyoona karne 14 zilizopita kwamba nyumba hiyo imepoteza kiasi kilekile.

Jambo jingine katika sheria hii linastahili kukaliwa zaidi. Dia ya kosa haikuwekwa juu ya mkosaji peke yake bali juu ya akila, yaani jamaa zake wa kiume wa upande wa baba, ambao huilipa kwa awamu katika muda wa miaka 3, kwa sababu madhara ya bahati mbaya yanaweza kumwangusha mtu mmoja lakini hayauangushi ukoo. Kafara, kwa upande mwingine, ilibaki juu ya mkosaji mwenyewe, na wala si kwa kuwa ana dhambi, maana aliyekosea bila kukusudia hana dhambi ya kuua. Mwanafalsafa wa Uingereza Bernard Williams, katika insha aliyoitoa mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, alimchukua kama mfano dereva wa lori ambaye, bila uzembe wowote, amemgonga mtoto. Alisema kwamba majuto ya dereva huyo si sawa na masikitiko ya mpita njia aliyeshuhudia, na kwamba dereva ambaye angejihisi kama mpita njia tu tungemwona amepungukiwa na kitu. Williams alilieleza jambo hilo kwa ustadi, ila hakumpa dereva la kufanya. Kafara humpa: siku 60 za njaa ya hiari, kwa mtu ambaye mkono wake umefanya jambo ambalo moyo wake haukulitaka. Magazeti yetu husema daima kwamba dereva ametokomea kusikojulikana, na mara nyingi hukimbia kwa kuwaogopa wananchi wenye hasira, hofu isiyo ya bure. Lakini anayetokomea huwakimbia pia watu pekee ambao wangeweza kumsamehe.

Katika Tanzania Bara dia haina nguvu mahakamani, na kadhi aliye chini ya Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968, hana mamlaka ya dola nyuma yake, tofauti na kadhi wa Zanzibar. Mahali pa akila pamechukuliwa na bima ya lazima ya mtu wa tatu, ambapo mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule anayedhurika. Kimantiki bima hiyo ni akila ya zama za magari, kwa kuwa hapa pia wengi wasiokosea huchangia deni la mmoja aliyekosea. Muda wa kufungua madai ya namna hii mahakamani ni miaka 3, na familia nyingi huumaliza muda huo zikiwa bado zinajadiliana kama kudai si kukufuru. Msamaha katika aya umewekwa baada ya deni kuthibitishwa. Anayesamehe kabla hajajua anadai nini hajasamehe, amenyamaza tu. Kuyamaliza kifamilia, ambako dini zote mbili za pwani hukusifu, ni suluhu pale tu pande zote mbili zinapoijua thamani ya kinachoachwa.

Neno kafara nalo limepinduka, na pengine vibaya kuliko neno ajali. Katika fikihi kafara ni mzigo wa aliyedhuru; katika mazungumzo ya vijiweni, basi likipinduka husemwa kwamba mwenye basi ametoa kafara, yaani amewatoa abiria wake ili utajiri wake ukue, na hivyo kafara imekuwa mwili wa aliyedhuriwa. Uvumi huu haufai kudharauliwa kama ujinga mtupu. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudani ya wakati huo, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu waliokaa chini ya kivuli chake, Wazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichokiuliza ni kwa nini ghala lile liliwaangukia watu wale katika saa ileile. Familia ya Mapinga au Kiromo inayokwenda kupigiwa ramli haikatai kwamba tairi lilipasuka. Inauliza swali ambalo ripoti ya mkaguzi wa magari haina sehemu ya kulijibu.

Hata hivyo swali hilo lina gharama, na gharama yake huwaangukia walio karibu, kwa kuwa ramli haimtaji mtu wa mbali: humtaja shangazi, mke mwenza, au jirani wa ua mmoja, yaani watu walewale ambao mikono yao itahitajika kesho yake kumgeuza mgonjwa. Mapokeo ya Biblia yalikutana na swali hili mapema. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 kimya, na muda wote huo walikuwa wafariji wema. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanauliza kipofu amezaliwa hivyo kwa dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, na Yesu anazikataa sababu zote mbili, kisha anashughulika na macho. Mpangilio huo wa mambo, kwanza kukataa kumtafuta mchawi au mwenye dhambi na kisha kutia mikono kazini, una busara ambayo familia iliyochoka huihitaji kuliko maelezo.

Sarufi ya Kiswahili imelielewa jambo ambalo elimu ya itikadi imelipita haraka. Mtu hufa, lakini jamaa zake hufiwa. Mtu huugua, lakini jamaa zake huuguliwa, na anayemhudumia huuguza. Kitenzi kimoja huenea nyumba nzima. Kwa ajali hakuna kitenzi cha namna hiyo: mtu hupata ajali, na jamaa zake hawana neno lao. Elimu ya ajali na kadari nayo humzungumzia mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kila nafsi ina kikomo chake. Lakini aliyevunjika uti wa mgongo haishi katika nafsi yake pekee, huishi katika ratiba ya watu wengine. Hana budi kugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Mpira wa mkojo una siku zake za kubadilishwa. Mtoto aliyekuwa akisoma jioni sasa hushika taa. Nyumba ya Kiswahili, yenye baraza iliyoinuliwa mbele, kizingiti mlangoni na choo cha kuchuchumaa uani, ilijengwa kwa watu wenye miguu, na kitimwendo, yaani kiti cha magurudumu, kikifika kwa msaada wa mfadhili hukwama hatua 10 kutoka mlangoni, kwenye mchanga ambao watalii huusifu.

Fikihi, kwa sifa yake, iliingia katika mambo haya madogo bila kuona haya. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Asiyeweza kuzuia mkojo huhesabiwa kuwa na udhuru wa kudumu, akatawadha kila wakati wa sala unapoingia na kuswali hata kama udhuru unaendelea. Asiyeweza kufunga Ramadhani, na asiyetarajiwa kupona, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, na kibaba hicho huitwa fidia, neno lilelile ambalo wanasheria hulitumia kwa malipo ya aliyeumizwa. Wanaume wengi waliopooza huacha kuswali kwa kudhani kwamba mwili usiotawalika hauna tena mahali mbele ya Mungu, ilhali masheikh wa kale waliwaandalia mahali hapo kwa kila undani. Somo hili husomeshwa darsani. Halifiki kitandani kwa mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hafiki darsani.

Linabaki suala la subira, na hapa ukali kidogo unahitajika. Subira kwa Waislamu ni nusu ya imani katika mafundisho mengi, na mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiandikia kitabu, pamoja na shukrani, ndani ya Ihya, kazi yake kubwa. Lakini katika nyumba iliyouguliwa subira haigawanywi sawasawa. Majeruhi akiwa mume, mke huambiwa avumilie. Majeruhi akiwa mke, haipiti miaka mingi kabla ya wazee kuanza kumshauri mume aoe. Mwanamke anayekaanga samaki asubuhi ili alipe dawa, anayemnyanyua mtu mwenye uzito kuliko wake, na anayeambiwa na kila mgeni kwamba pepo yake ipo, amebebeshwa wajibu ambao dhehebu la Shafii lenyewe halikumbebesha kikamilifu: mume asiyeweza kutoa nafaka, yaani matunzo ya lazima, mke wake ana hiari ya kusubiri, na matunzo hayo yakawa deni juu ya mume, au kwenda kwa kadhi na kuomba ndoa ivunjwe. Wanawake wengi wa pwani husalia. Kusalia kwao kuna thamani kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi, na anayewaficha kwamba mlango upo anawanyang'anya sifa ya walichokifanya.

Pwani inajua kuzika. Kifo kikitokea Dunda au Magomeni ya Bagamoyo, kabla ya jua kutua turubai limefungwa, masufuria yameazimwa, daftari la rambirambi limefunguliwa, na hitma ina siku yake; baada ya siku 3 matanga huanuliwa, na baada ya siku 40 hufanywa arobaini na wafiwa hurudishwa katika maisha ya kawaida. Kila hatua ina mwisho, na mwisho huo ndio unaowawezesha majirani kutoa kwa moyo mkunjufu. Ugonjwa usio na mwisho hauna arobaini. Wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa ukumbi hujaa. Mwezi wa tatu hubaki mjomba na mwalimu wa madrasa. Mwaka wa pili hodi ikipigwa wenye nyumba hushtuka. Lawama hapa si ya ukosefu wa huruma, bali ya ukosefu wa taratibu, kwa sababu huruma isiyo na siku wala zamu huisha kama mafuta ya taa.

Wakristo wa Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868, wana kisa cha barabara kinachofaa kusomwa upya kwa jicho hili, nacho ni kisa cha Msamaria Mwema, aliyemkuta majeruhi katika njia ya Yerusalemu na Yeriko. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiweka karibu na mwisho wa barua yake kuhusu mateso ya mwanadamu ya tarehe 11 Februari 1984, akifundisha kwamba mateso yapo pia ili yauamshe upendo. Wahubiri hukaa sana kwenye mafuta na divai iliyomiminwa juu ya majeraha. Sehemu iliyo ngumu zaidi inakuja baadaye: Msamaria anamlipa mwenye nyumba ya wageni dinari 2, anamwambia kwamba gharama ikizidi ataifidia, na anaahidi kurudi. Waliosimamisha magari yao Mapinga au Makurunge wakampakia majeruhi kwenda hospitali ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wanaorudi ni wachache.

Kwa hiyo kamati za misikiti na halmashauri za walei za mji huu na vijiji vyake zinaombwa mambo mawili yasiyohitaji mfadhili. Daftari linalotumika kwa rambirambi liongezewe kurasa za waliouguliwa, zenye majina, siku na zamu, ili atakayekwenda kumgeuza mgonjwa Jumanne ajulikane tangu Ijumaa au Jumapili. Na milango ya nyumba za ibada, ambayo mingi ina ngazi, iwekewe mteremko wa saruji pembeni, ambao fundi mmoja huumaliza kwa siku moja.